Kiunzi Kitupu

Daktari Ngendo aliiweka chupa ya kioo juu ya meza yake, akaizungusha taratibu ili Inspekta Perez Ouma aione kila upande. Ndani kulikuwa na kipande cheupe, urefu wa kidole gumba, kimejaa vitundu vidogo vidogo kama sifongo iliyokauka.

"Nilikitoa kwenye muundi wa Githae Jumanne," alisema. "Mguu wenyewe sikuweza kuuokoa."

Perez aliinama bila kukigusa. Alikuwa ametoka Ruiru asubuhi hiyo, yeye na Koplo Bedan, baada ya hospitali hii ya Thika kupiga simu kwa idara ya upelelezi. Aliyokuwa ameambiwa yalikuwa mafupi. Githae, mpasua mawe wa machimbo ya Kalimoni, aliangukiwa na jabali mwaka jana, na madaktari wakalazimika kuondoa kipande kizima cha mfupa uliosagika. Kliniki moja ya Ruiru ikamwahidi kumwoteshea mfupa mwingine. Badala ya mfupa kuota, mguu ulioza.

"Ni feki?" aliuliza Perez.

"Ningefurahi kama kingekuwa feki. Hapo kesi yako ingekuwa nyepesi." Daktari Ngendo, mwanamke mwembamba aliyezoea kusema na wanafunzi, aliketi. "Hiki ni kiunzi halisi, kimetengenezwa kwa madini yale yale ya mfupa. Mtu akivunjika tu, mfupa unajiunga wenyewe. Akikosa kipande kizima, pande mbili hazifikiani. Ndiyo unaweka kiunzi katikati, kama fundi anavyofunga mbao kabla ya kumwaga zege. Halafu unahitaji wajenzi."

"Wajenzi ni nani?"

"Seli shina. Unazitoa kwenye uboho wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe, unazilea maabara wiki kadhaa mpaka ziwe nyingi, kisha unazipanda kwenye hivi vitundu. Zinageuka kuwa seli za mfupa. Mishipa ya damu inaingia. Kiunzi kinayeyuka polepole, na kinachobaki ni mfupa wa mtu."

"Na inafanya kazi kweli?"

"Kwa wengine, ndiyo. Bado inafanyiwa utafiti, ina masharti yake, na mgonjwa anapaswa kuambiwa hivyo kabla ya kulala mezani. Lakini si uchawi, Inspekta. Ni kazi ya maana, na kuna watu wameipa maisha yao. Ndiyo maana nikiona hii takataka nashindwa kulala." Aligonga kifuniko cha chupa kwa ukucha. "Maabara yetu haikuona dalili kwamba kitu chochote kilipandwa humu. Kilichojaa ni vijidudu. Ile aina inayoishi kwenye maji yaliyokaa, kwenye matangi na mabomba."

Bedan, aliyekuwa amesimama mlangoni, alipiga mluzi mdogo akajirudi.

"Nikiingia kwa maabara yao," Perez aliuliza, "mimi si daktari. Nitajuaje kama wanalea seli ama wanalea hewa?"

Daktari Ngendo aliisogeza chupa kando. "Angalia rangi. Seli zinakaa kwenye maji ya chakula, na hayo maji ni ya waridi. Zikila na kuongezeka, zinayachafua, yanageuka chungwa, halafu manjano. Ndiyo maana yanabadilishwa kila baada ya siku chache. Maji yakikaa waridi siku nenda siku rudi, hakuna anayekula."

Githae alikuwa kitanda cha dirishani, uso ameugeuzia ukutani. Blanketi lilikuwa limelala bapa pale ambapo mguu wa kushoto ulipaswa kuwa. Perez alivuta kiti.

"Pole sana, baba. Mimi ni Inspekta Ouma. Sitakuchosha. Kabla ya upasuaji wa Ruiru, walikutoa kitu chochote mwilini?"

"Haiya, kunitoa?" Githae aligeuka. Alikuwa na mabega ya mtu aliyenyanyua mawe tangu ujana. Alishusha blanketi, akaonyesha kovu dogo la mviringo juu ya nyonga. "Walinitoboa hapa. Sindano kama msumari wa inchi sita. Mimi napasua mawe, madam, na siku hiyo nililia kama mtoto. Daktari Mburu akanishika mkono. Akaniambia vumilia Githae, huu ndio mfupa wako tunaenda kupanda."

"Daktari mwenyewe ndiye alikutoboa?"

"Mwenyewe. Na akaniombea."

Perez alikuwa ametarajia nyonga safi, ushahidi rahisi kwamba hakuna kilichofanyika. Sasa alikuwa na swali gumu zaidi. Kama uboho ulitolewa, ulienda wapi?

*

Kliniki ilikuwa ghorofa ya pili, nyuma ya soko la Ruiru, sakafu zake zinang'aa na ukutani picha kubwa ya mzee akipanda mlima kwa miguu yote miwili. Kwenye sehemu ya kungojea palikuwa na msichana wa miaka kama ishirini, mkono wa kulia umefungwa kwa kitambaa shingoni, akiperuzi simu kwa mkono wa kushoto. Kando yake mama yake alikuwa ameshikilia mfuko wa nguo na chupa ya chai.

"Mmekuja kuona daktari?" Perez alimuuliza, kama mgonjwa anavyomuuliza mgonjwa mwenziwe.

"Tumelazwa leo," alisema yule mama. "Sisi ni wa Ngoingwa. Huyu ni Becky, mimi Wilkister. Alianguka na pikipiki, mfupa wa hapa juu ukasagika wakatoa. Yeye ni msusi. Msusi bila mkono ni nini? Jumatatu anawekewa mfupa wake. Ulikuwa unakuzwa hapa hapa, mwezi mzima."

"Nyonga bado inauma," alisema Becky bila kuinua macho. "Lakini ni sawa tu."

Daktari Mburu aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mzima, mpole wa sauti, tai yake imefungwa barabara. Alishasikia habari za Githae. Alitikisa kichwa kwa huzuni.

"Niseme ukweli, Inspekta? Nilisalitiwa. Nilikuwa na mtaalamu wa maabara, kijana anaitwa Eddie. Alitoroka kabla ya Pasaka. Nilipochunguza nikagundua ameiba seli za wagonjwa, na zile alizoacha aliziharibu. Githae alipata zile zilizoharibika. Mimi sikujua."

"Uliripoti wizi?"

"Nilimhurumia. Ni kijana."

"Anaishi wapi?"

"Kahawa Sukari, kwa dadake. Mkimpata, mwambieni nimemsamehe."

Perez aliomba kuona maabara. Daktari hakusita. Kilikuwa chumba safi chenye meza ndefu, sinki, na mashine moja kubwa nyeupe yenye mlango wa kioo na taa inayowaka mbele. Ndani ya mashine, chupa bapa zilipangwa kwa safu, kila moja na karatasi yenye jina na tarehe. Perez alisogeza uso karibu. Aliona jina la Becky. Aliona majina mengine ya watu asiowajua. Chupa zote, za mwezi uliopita na za juzi, zilikuwa na rangi moja: waridi safi, kama sharubati ya sherehe.

"Hizi ndizo seli?"

"Hizi ndizo. Joto la mwili, usiku na mchana."

"Rangi nzuri. Nilidhani zikishakua maji yanachafuka."

Daktari Mburu alimtazama kwa mara ya kwanza bila tabasamu. Kisha tabasamu likarudi. "Umesoma. Ni kweli. Lakini tuliyabadilisha leo asubuhi."

"Tuliyabadilisha nani na nani?"

"Mtaalamu wetu."

"Eddie si alitoroka kabla ya Pasaka?"

"Nilimaanisha mimi. Ninafanya mwenyewe siku hizi."

"Leo asubuhi."

"Leo asubuhi, ndiyo."

"Basi tuonyeshe yale machafu uliyotoa. Hata chupa moja."

"Yalimwagwa. Inspekta, hii ni maabara, hatuweki uchafu."

Bedan alikuwa karibu na sinki, mikono nyuma, kama mtu asiye na haraka. Alikohoa. Kwenye ukingo wa sinki, juu ya kitambaa, msumeno wa chuma ulikuwa umelazwa ukauke, ule wa kukatia mabomba. Meno yake yalikuwa na unga mweupe, na unga huo ulikuwa umetambaa mpaka kwenye tundu la kutolea maji.

"Huu ni wa nini, daktari?" Bedan aliuliza.

"Wa kukatia plasta za wagonjwa."

"Ndani ya maabara?"

"Nafasi ni ndogo."

Perez hakubishana. Alimwambia Bedan achukue unga kidogo na maji ya bomba kwenye vichupa vya ushahidi, na daktari, akitaka kuonekana mtu wa haki, alimruhusu. Kwenye ngazi alimnong'oneza koplo abaki ng'ambo ya barabara na asiliondoe jicho lake kwenye lango. Nafsi yake ilikuwa imekataa kabisa ule msamaha wa Daktari Mburu. Mtu aliyeibiwa mali ya wagonjwa wake hasamehi kwa wepesi namna hiyo, labda kama kilichoibwa hakikuwepo.

*

Eddie alikuwa nyuma ya nyumba ya dadake, anaanika nguo. Alipoona kitambulisho cha polisi, shati lililokuwa mkononi lilidondoka kwenye vumbi.

"Sijaiba kitu, madam. Naapa."

"Bosi wako anasema uliiba seli."

Kijana huyo alicheka, kicheko kibaya. "Seli gani? Maze, seli gani? Mashine ilikufa mwaka jana Novemba. Stima ilipotea, ikarudi na nguvu, ikachoma kila kitu ndani. Ile taa unaona mbele inawaka, nilivuta waya mwenyewe. Aliniambia nifanye hivyo ndio wageni wasiogope."

"Na ukafanya."

"Nikafanya," alisema, na sauti ikashuka. "Nilimwambia tusimamishe wagonjwa. Akasema mashine ingine iko njiani, wiki mbili tu. Nikakaa mpaka Machi. Kila wiki najaza maji mapya kwa chupa, nabandika jina la mtu, narudisha ndani. Hakuna kitu. Ni maji tu."

"Githae alitobolewa Januari. Uboho wake ulienda wapi?"

Eddie aliokota shati, akalikung'uta, akalikung'uta tena vumbi ambalo halikuwepo.

"Nakuuliza, Eddie. Huyo mtu alilia kwenye meza. Ulienda wapi?"

"Kwa sinki. Alikuwa analeta kwa bomba la sindano, bado lina joto, ananiambia mwaga."

Perez alikuwa ameshika kesi za wezi, za wauaji waliolewa, za watu waliochomana visu kwa ajili ya shamba. Wale walimdhuru mtu wakakimbia. Huyu alimshika mgonjwa mkono, akamwombea, akamtoboa mfupa, kisha akaamuru uboho wake umwagwe kwenye sinki.

"Na kiunzi?"

"Anaagiza vipande vikubwa, anavikata kwa msumeno kulingana na shimo la mgonjwa. Zamani tulikuwa tunavichemsha kwa mashine ya mvuke. Hiyo pia iliungua na ile stima. Siku hizi anaosha kwa bomba."

"Maji ya tangi?"

"Ya tangi."

"Kwa nini hukuja kwetu? Machi mpaka leo, Eddie!"

"Sahihi yangu iko kwa kila chupa, madam. Niliogopa."

"Githae hana mguu kwa sababu wewe uliogopa. Vaa viatu."

Simu yake ililia kabla hajamaliza kusema. Alikuwa Bedan, anahema.

"Madam, kuna gari limeingia. Mtu wa kulaza wagonjwa usingizi, namjua, niliwahi kumwona kortini akitoa ushahidi. Wamefunga lango. Na yule mama wa Ngoingwa yuko nje kwa ngazi, ameambiwa upasuaji umesogezwa. Ni sasa hivi, nadhani anataka kumaliza kabla hujarudi."

"Ingia."

"Lango limefungwa, madam."

"Bedan, vunja!"

*

Perez alipofika, lango lilikuwa limelala upande na Bedan alikuwa juu, bega limechubuka, amesimama kwenye mlango wa chumba cha upasuaji kama kabati lililowekwa pale kuziba njia. Becky alikuwa amelala mezani, macho yamefumba, mkono wa kulia umepakwa dawa ya kahawia kuanzia begani mpaka kiwikoni. Ngozi ilikuwa bado nzima. Yule mtaalamu wa usingizi alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani, anarudia kwamba yeye aliitwa tu, hajui lolote. Perez alimwamuru amwamshe msichana polepole na asithubutu kuondoka kando yake. Kwenye sinia, juu ya kitambaa cha kijani, palikuwa na kipande cheupe chenye vitundu. Kilikuwa bado kinachuruzika maji.

"Umevamia chumba safi cha upasuaji," alisema Daktari Mburu nyuma ya barakoa yake. "Msichana akipata maambukizi, ni juu yako."

"Vua glavu."

"Unajua unachokifanya? Hawa watu hospitali kubwa ziliwaambia wakae na vilema vyao. Mimi niliwapa tumaini. Na kiunzi peke yake wakati mwingine kinasaidia, hata bila seli. Someni! Kuna wagonjwa wangu wanatembea."

"Nimesoma kiasi changu. Basi kama kiunzi peke yake kinasaidia, kwa nini uliwatoboa nyonga?"

Daktari alianza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Ninauliza, daktari. Mashine ilikuwa imekufa. Ulijua uboho unaenda kwenye sinki. Ungeweza kudanganya tu. Ungewaambia umetoa, uwafunge bandeji, waende nyumbani. Kwa nini uliwatoboa?"

Alivua barakoa. Perez alitegemea kuona haya usoni mwake, au hofu. Aliona uchovu wa mtu anayelazimishwa kueleza jambo lililo wazi.

"Mgonjwa asipoumia haamini," alisema. "Akiumia, anangoja. Ana subira. Haulizi."

Yule mtaalamu wa usingizi aliinua kichwa. Perez alimgeuza daktari kwa bega, akamfunga pingu kwa mikono yake mwenyewe, kazi ambayo kwa kawaida humwachia koplo, kisha akamsomea haki zake bila kujaribu kuificha ghadhabu yake.

Kwenye korido walikutana na Wilkister. Alikuwa amepanda ngazi mbio, kitambaa cha kichwa kimeanguka mabegani. Alimwona daktari akiwa na pingu, akamrukia Perez.

"Mwacheni! Mnampeleka wapi? Mtoto wangu yuko mezani! Tumengoja mwezi mzima, tumeomba, tumefunga, na nyinyi polisi mnakuja kumnyang'anya mkono wake?"

"Mama Becky, nisikilize."

"Sisikilizi! Huyu ndiye alitupokea. Nyinyi mlikuwa wapi?"

Daktari Mburu aliinamisha kichwa kwa upole, kama mtu anayeonewa. "Waambie, mama," alisema. "Waambie nilivyowatendea."

Perez alimpa Bedan ishara amshushe. Kisha akamshika Wilkister mikono yote miwili, akamketisha kwenye benchi chini ya ile picha ya mzee wa mlimani, na akamwambia. Hakupunguza. Alimwambia juu ya mashine iliyoungua, maji ya waridi, msumeno, maji ya tangi. Alimwambia kuna mtu amelala Thika, mguu umekatwa juu ya goti, na kwamba Becky alibakiza hatua moja tu kuufuata mkondo huo. Alimwambia pia kwamba tiba yenyewe ni ya kweli, kuna daktari mzuri Thika atakayemtazama Becky leo hii na kumwambia ukweli, uwe mtamu au mchungu.

Wilkister alisikiliza bila kupepesa. Mwishowe aliuliza swali moja tu.

"Na kile walichomtoa kiunoni? Nilimshika miguu, dada. Daktari aliniambia nimshike asitingishike. Alikuwa ananiita, mama, mama, na mimi namwambia nyamaza. Kiko wapi?"

Perez alitamani kuwe na jibu lingine.

"Kilimwagwa kwenye sinki. Siku hiyo hiyo."

Wilkister alitazama mlango wa chumba cha upasuaji, ambako Becky alikuwa anaanza kukohoa na kuita mtu. Alisimama. Akaingia, akamfunika binti yake shuka mpaka kidevuni, akamwambia maneno mawili matatu ya Kijaluo, akakaa naye mpaka macho yalipofunguka. Kisha akatoka, akateremka ngazi bila haraka mpaka barabarani, ambako watu wa soko walikuwa wameanza kukusanyika kuzunguka gari la polisi. Perez alimfuata kwa hofu kwamba angemrukia daktari.

Hakumgusa. Aliinama dirishani mpaka nyuso zao zikakaribiana. "Nilimshika miguu kwa sababu wewe uliniambia," alisema. Daktari Mburu alitazama upande mwingine.

Wilkister aliinuka, akajifunga kitambaa chake upya, akamgeukia Bedan.

"Kijana, toa kalamu," alisema. "Jina langu ni Wilkister Omondi, wa Ngoingwa. Nataka kuandikisha taarifa. Na nataka niandike hapa hapa, akinisikia."